Kutengeneza Otopailoti ya Mashua ya Tanga Ukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili

Watu wakisikia kwamba naunda kifaa cha kushika usukani kwenye nyumba ya ghorofa ya nne Eastlands, karibu kilomita 500 kutoka baharini, huuliza swali moja: sasa mashua iko wapi? Iko Naivasha. Ni ya faibaglasi, futi 22, tanga mbili, kana ya mti (fimbo ya kugeuzia usukani), na wenyewe tuko watatu. Hapa mjini maji ya kuendeshea tanga hayapo tena. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, enzi zake lilikuwa na mashua za tanga wikendi. Leo ni magugumaji na matope. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni ya mezani, na kwa vitu vya mezani mji huu una Luthuli Avenue ya maduka ya elektroniki, una Kirinyaga Road ya spea za magari, una mafundi wa Kariobangi. Nilichokosa mimi mwanzoni hakikuwa spea. Nilikosa kuelewa kwamba nusu ya otopailoti ni tanga lenyewe.

Mwongozo huu ni wa mashua ndogo yenye kana, si ya gurudumu, na isiyozidi futi 26 hivi. Jahazi lenye usukani mzito ni mambo mengine kabisa.

Kifaa kinaiga nini

Mtazame mshika usukani aliyezoea. Anaangalia omo, yaani mbele ya mashua, imetoka njiani kiasi gani. Anahisi kama bado inakimbia au imeshaanza kurudi, na kama inarudi anaiachia kana mapema, hangoji ifike. Tena anakumbuka: akiona nusu saa nzima amekuwa akivuta upande mmoja, anaiweka kana hapo na kuiacha. Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky aliyaandika mambo hayo matatu kwa hesabu, baada ya kuwachunguza mabaharia wakishika usukani, na mtambo wake ukajaribiwa kwenye manowari ya Marekani, New Mexico. Hesabu hizohizo ndizo utakazoandika kwenye kibodi (bodi ndogo ya elektroniki) cha saizi ya kidole gumba.

Vitu vyenyewe ni sita: dira ya elektroniki, ubongo, kiendesha mota, mkono wa kusukuma kana, kipimo cha kuonyesha kana iko pembe gani, na vitufe. Ongeza betri ya volti 12.

Anzia kwenye mashua, si dukani

Siku yenye upepo wa wastani, weka tanga vizuri, elekea upande mmoja upepo ukiwa ubavuni, kisha funga kana katikati kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hesabu. Mashua yetu ilikaa sekunde 9 halafu ikageuka kuelekea upepo, kama mbuzi aliyeona mahindi. Mashua nyingi hupenda kwenda joshi hivyo, na kwa kiasi kidogo ni jambo zuri, maana ukiachia kana chombo kinaukabili upepo na kusimama. Ikizidi, kila dakika kuna mtu anayelipa: ama mkono wako, ama mota na betri.

Legeza kidogokidogo kamba ya demani ya tanga kubwa, ile inayolikaza na kulilegeza. Likiendelea kuvuta, punguza tanga kubwa kabla ya kugusa la mbele. Sogeza mizigo, na watu pia. Mtu wa kilo 80 akihama kutoka tezi (nyuma) kwenda katikati, mashua ya futi 22 inajua. Sisi tulifika sekunde 40 bila kununua kitu chochote. Usipofika hata nusu dakika, usiende Luthuli bado.

Siku hiyohiyo chukua mizani ya kupimia mizigo ya safari, ile ya kuning'iniza. Ifunge kwenye kana sentimita 45 kutoka bawaba ya usukani, uvute nayo badala ya mkono, usome kilo. Pima wakati wa upepo mkali kwa siku hiyo. Sisi tulipata kilo 11. Zidisha mara tatu: tunahitaji mkono wa kusukuma kilo 33 hivi, yaani nyutoni 300 na kitu.

Mkono: nguvu si kasi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mikono ya umeme ya volti 12, inayorefuka na kufupika, huuzwa kwa nguvu yake, na muuzaji atakusifia ule wa nyutoni 1500. Ni kweli una nguvu, lakini mingi ya hiyo hutembea milimita 5 hadi 10 kwa sekunde. Kusogea sentimita 20 ni sekunde 20 au zaidi, na wimbi halikusubiri. Tafuta wenye mwendo wa milimita 25 hadi 30 kwa sekunde ukiwa na mzigo. Nyutoni 300 kwa milimita 30 ni wati 9 za kazi. Ukitoa hasara za gia, mota itakula wati 30 au zaidi, ampea 3 hivi inapofanya kazi. Ni kiwango kinachobebeka.

Urefu wa kutembea wa sentimita 25 unatosha. Ukiufunga kwa sentimita 45 kutoka bawaba, unapata kama digrii 16 kila upande, na kwa kushika njia hauhitaji zaidi. Usukani ukizidi sana pembe hugeuka breki. Ufungwe ukiwa umetoka nusu, na ufanye pembe mraba na kana ikiwa katikati. Mwisho mmoja ukae kwenye ukingo wa mashua, mwingine kwenye pini iliyosimama juu ya kana. Pini hiyo iwe ya kuchomoka kwa kunyanyua mkono juu, bila spana, bila kufungua chochote, kwa sababu mikono hii ikizimwa hujifunga: huwezi kuisukuma kwa nguvu za mtu. Fundi mmoja wa Kariobangi alinikerezea pini na soketi yake kwa saa moja huku akiuliza hii ni ya tuktuk gani.

Ukiwa na bajeti ndogo, mota ya waipa kutoka kwa wauza spea za mtumba Kirinyaga Road inafaa. Ina gia ya parafujo ndani, ina nguvu, na ukiweka puli ya kipenyo cha sentimita 3 yenye kamba mbili hadi kwenye kana, kasi inatosha kabisa. Jambo moja ambalo hakuna atakayekwambia dukani: mota nyingi za waipa hurudisha umeme kupitia bodi yake, kwa vile kwenye gari bodi ndiyo negativu. Wewe utakuwa unageuza umeme ili izunguke pande zote mbili, kwa hiyo kuna wakati chuma chote cha mota kitakuwa na volti 12. Ifunge juu ya mbao au mpira, isiguse chuma kingine chochote. Mimi niligundua hayo baada ya kuchoma fyuzi tatu.

Luthuli

Ubongo: kibodi cha kompyuta ndogo, ESP32 au Arduino Nano. Dira: BNO055, ambayo ndani yake ina kipima sumaku, kipima mwinamo na kipima mzunguko, na inakupa mwelekeo uliokwisha kusahihishwa. Kiendesha mota: BTS7960. Utapewa L298N kwa sababu ni rahisi na kila duka linayo, ikatae. Inakula karibu volti 2 kwa joto tu, na kikomo chake ni ampea 2. Chukua pia kipunguza volti cha kutoa 5 kutoka 12, kipingamizi cha kuzungusha cha kiloomu 10 (kile kinachokaa nyuma ya kitufe cha sauti cha redio), kapasita ndogo za 104, kapasita moja kubwa ya maikrofaradi 1000, fyuzi ya ampea 10 na kikalio chake, na waya wa milimita 2.5 kwa ajili ya mota. Kila kibodi kiwashwe mbele yako kabla hujalipa. Mimi nilirudi nyumbani na BNO055 iliyokufa, na aliyeniuzia akaniambia nimeiua kwenye matatu.

Kisanduku kiwe kile cha mafundi wa umeme cha kuzuia maji, chenye vizibo vya kubana waya. Chombo cha chakula cha plastiki hufaa mezani tu. Kikipigwa na jua la Naivasha hupasuka.

Kuunganisha

Betri, kisha fyuzi mara moja, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kutoka fyuzi, swichi kubwa ya kuzima yote. Baada ya swichi njia zigawanyike mbili: moja kwenda BTS7960, nyingine kwenda kipunguza volti na ubongo. Usiulishe ubongo kutoka kwenye waya wa mota. Mota inapoanza huvuta umeme kwa kishindo, volti zinashuka, ESP32 inajizima na kuwaka upya, na ikiwaka upya haikumbuki ilikuwa inaelekea wapi. Kapasita ya 1000 iwe kwenye mlango wa ubongo. Zile za 104 zilehemiwe moja kwa moja kwenye miguu ya mota kupunguza kelele za brashi.

Nyaya mbili za mota zisokotwe pamoja kama kamba. Si urembo: waya wenye umeme una sumaku yake, na ukizisokota sumaku ya mmoja inafutana na ya mwenzake.

Kipingamizi kifungwe kwenye bawaba ya usukani kwa kijiti kidogo ili kizunguke pamoja na kana. Watu hukiruka hiki. Bila kipimo hicho ubongo unajua umeamuru, haujui kana imefika wapi, na makosa hulimbikizana hadi mkono ugonge mwisho wake.

Ukimaliza kulehemu na kila kitu kinafanya kazi, paka kibodi rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ukiacha milango ya waya.

Dira, mahali pa kutulia

Kuna zawadi moja tunayopewa na mahali tulipo. Sumaku ya dunia haijalala sawasawa na ardhi. Uingereza imeinama zaidi ya digrii 60, Nairobi ni kama 25 tu. Mashua inapolala upande, dira ya kule hudanganywa sana kuliko ya huku. Kosa likibaki baada ya kusahihisha, letu ni dogo. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani nayo huku ni karibu sifuri, kwa hiyo unaweza kuisahau.

Zawadi hiyo niliipoteza nyumbani kwangu. Jioni mbili nzima niliandika programu upya, nikafuta, nikaandika, kwa sababu namba zilikuwa zinarukaruka. Jioni ya tatu, kwa hasira, nilisukuma kisanduku pembeni ili niweke sahani ya ugali. Sentimita 40 hivi kuelekea ukutani. Kaskazini ikahama digrii 23. Nikakisogeza tena: ikarudi. Kilichokuwa kikisomwa ni nondo za slabu, pamoja na miguu ya chuma ya meza. Kesho yake nilishuka na kisanduku hadi katikati ya uwanja wa mpira, nikaweka betri mbali, nikakisawazisha pale huku vijana wakinisubiri niondoke kwenye duara lao la katikati. Namba zikatulia.

Kusawazisha BNO055 ni kuiacha itulie kidogo, kuishikilia tuli katika mikao mbalimbali, kisha kuizungusha polepole kama unaandika namba nane hewani, hadi viwango vyake vyote vinne vionyeshe 3. Kisha soma namba za masahihisho na uzihifadhi kwenye kumbukumbu ya ubongo, kwa sababu ukizima umeme yenyewe inasahau. Ina tabia nyingine: hujisawazisha kila wakati, hata usipoiomba. Kwa kawaida inasaidia, ila angalia isije ikajifunza sumaku ya spana.

Kwenye mashua, sanduku la dira likae chini na katikati, angalau mita moja kutoka mota, mbali na spika, betri, nanga na sufuria. Skrubu zake ziwe za plastiki au shaba. Kisha sawazisha upya hapo hapo kwa kuzungusha mashua yote taratibu, duara mbili, na ulinganishe pande nne na dira ya mkononi. Usidhani GPS itachukua nafasi yake. Mashua ikienda noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa), GPS inajua inakosogea tu, tena kwa kuchelewa. Omo inatazama wapi, haijui.

Programu

Kiini chake ni mistari minne:

kosa = lengo − dira
kosa likizidi 180, toa 360. Likiwa chini ya −180, jumlisha 360
pembe = Kp × kosa − Kd × kasi + Ki × jumla
pembe isipite 15 wala −15

Mstari wa pili usiuache. Bila huo, mashua inayoelekea 359 ikiguswa kidogo hadi 1 itadhani imepotea digrii 358 na itazunguka dunia kuirudi. "Kasi" ni kasi ya kugeuka, isome moja kwa moja kutoka kipima mzunguko cha BNO055, si kwa kutoa masomo mawili ya dira. "Jumla" ni mkusanyiko wa makosa. Iwekee kikomo ili mchango wake usizidi digrii 5. Kp, Kd na Ki ni namba za kuamua kosa, kasi na jumla kila kimoja kiwe na uzito gani, na utazipata majini.

Hesabu hiyo hutoa pembe inayotakiwa ya kana. Chini yake kuna hesabu ya pili, ndogo: linganisha pembe hiyo na kipingamizi kinavyosema, sukuma mota upande unaopunguza tofauti, na tofauti ikiwa chini ya digrii 1 simamisha mota. Rudia yote mara 10 kwa sekunde. BTS7960 pia ina miguu ya kusoma ampea. Zikizidi 6 kwa nusu sekunde, zima mota, maana mkono umekwama.

Vitufe: washa, zima, ongeza 1, punguza 1, ongeza 10, punguza 10. Kitufe cha kubisha, yaani kuivusha omo kwenye upepo, niliongeza baadaye. Mashua yetu hugeuka kama digrii 100 kutoka upande mmoja wa upepo hadi mwingine.

Kama kuandika programu si kazi yako, kuna pypilot, programu huria inayokaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kuongea na OpenCPN, ramani ya baharini ya bure. Inafanya haya yote na zaidi. Sehemu za tanga, mkono na dira zinabaki vilevile.

Beseni

Kabla ya kwenda Naivasha, jaribu nyumbani. Beseni kubwa la plastiki lijae maji, beseni dogo lielee ndani, dira ndani ya beseni dogo, mahali ulipokwisha kuona nondo hazisumbui. Mkono uwe mezani kando. Weka lengo, kisha zungusha beseni dogo kwa kidole kuelekea kulia. Mkono lazima usogee upande ambao kwenye mashua ungesukuma kana kulia, kwani kana ikienda kulia, omo huenda kushoto. Ukisogea kinyume, geuza ishara kwenye programu sasa hivi. Kosa hilo majini hufanya mashua ikimbie lengo kwa bidii yote. Lizungushe kwa haraka: mkono ujibu zaidi kuliko ukilizungusha taratibu hadi pembe ileile. Hapo Kd inafanya kazi.

Naivasha

Asubuhi ziwa huwa tulivu. Upepo huamka mchana na alasiri unaweza kuwa mkali. Funga vifaa asubuhi, jaribu kuanzia saa sita hivi, mbali na mafunjo ya ukingoni ambako viboko hukaa.

Anza na Kp 0.5, Kd na Ki sifuri, upepo ubavuni. Pandisha Kp kwa 0.1 hadi mashua ianze kuandika nyoka majini, halafu ishushe hadi theluthi mbili. Sasa ongeza Kd kidogokidogo kuanzia 0.2. Utaona nyoka ananyooka. Ukizidisha, mota inaanza kutetemeka kwa kila kiwimbi, rudi nyuma. Ki ni ya mwisho na ni ndogo, 0.01 hivi, kwa ajili ya ule mvuto wa joshi uliobaki. Wakati wote huo asiwepo mtu wa "kusaidia" kana kwa mkono. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na Ki nayo inahesabu msaada wako kama upepo na kujifunza uongo.

Yetu ilishika njia vizuri mara ya tatu, dakika kama kumi, tukaanza kupigana picha. Kisha omo ikageuka polepole, kwa utulivu kabisa, kuelekea mafunjo. Nikaangalia programu, nikaangalia mkono, kila kitu sawa. Mwenzangu alikuwa ameweka simu yake juu ya sanduku la dira. Spika ya simu ina sumaku.

Upepo wa nyuma ndio mgumu kuliko yote: wimbi linainua tezi, mashua inataka kugeuka ubavu, na kifaa kinaona kosa likiwa limeshatokea. Punguza tanga, ongeza Kd, na ukiona tanga kubwa linatishia kuhama upande, shika kana mwenyewe.

Pima ampea. Tanga zikiwa zimesawazishwa yetu ilikula wastani wa ampea 0.7, tulipokaza kamba ya demani makusudi, ikapanda hadi 1.6. Kwa 0.7, saa 24 ni saa-ampea 17, kazi ambayo paneli ya jua ya wati 50 inaweza kuirudisha siku yenye jua. Kwa 1.6, haiwezi.

Baada ya hapo

Jaketi okozi livaliwe, na mkiwa peke yenu jifungeni kamba kwenye mashua. Ukianguka majini bila otopailoti, mashua itageukia upepo na kusimama. Ukiwa nayo, itaendelea na safari kwa uaminifu. Na Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini inataka mtu awe macho na masikio wakati wote. Kifaa hiki hakioni mtumbwi wa mvuvi wala nyavu zake.

Ukishuka nacho Kilifi au Mtwapa, futa mkono kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni na upake grisi kwenye fimbo yake. Fungua sanduku kila mwezi, badilisha vipakiti vya kunyonya unyevu, tazama kijani kwenye ncha za waya. Kinachochakaa kwanza ni pini ya kana: ikilegea hata milimita mbili, mashua inaanza kuandika nyoka tena na utadhani ni Kp. Kereza mbili kwa mpigo, ya pili ikae mfukoni.